Kichocheo cha neva kwa maumivu sugu: mwongozo kamili kwa mgonjwa na ndugu wa Kanda ya Ziwa

Mdogo wangu alivua dagaa Ukerewe kwa miaka 19, na kwa miaka 4 baada ya kufanyiwa upasuaji wa kiuno hakuweza kuketi ndani ya mtumbwi kwa muda unaotosha hata kutega wavu mmoja. Picha za mgongo zilionyesha kwamba pingili zimetulia na hakuna kinachobana tena, lakini mguu wa kulia uliendelea kuwaka kama umemwagiwa maji ya betri. Mimi ni muuguzi mstaafu ninayeishi Mwanza. Nilimsindikiza tangu rufaa ya kwanza hadi India, alikopandikiziwa kichocheo cha neva, na nimekuwa nikimhudumia tangu tuliporudi. Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya mgonjwa na ndugu anayemuuguza, kwa sababu mambo mengi tuliyoyajua kwa kuchelewa yangeweza kujulikana kabla ya kuuza ng'ombe hata mmoja.

Kifaa chenyewe na kazi yake

Kichocheo cha neva kina sehemu mbili zinazokaa ndani ya mwili. Ya kwanza ni waya mmoja au mbili nyembamba zenye vituo vidogo vya umeme, ambazo hulazwa ndani ya mfereji wa uti wa mgongo, nje ya utando unaofunika ugwe mkuu wa neva. Ya pili ni kikasha cha betri, kinachofanana na betri ya moyo, ambacho huwekwa chini ya ngozi juu ya tako au ubavuni. Nje ya mwili mgonjwa hubaki na rimoti na, ikiwa betri ni ya kuchajiwa, chaja inayowekwa juu ya ngozi pale kilipo kikasha.

Msingi wake ni nadharia ya lango, iliyotolewa na Ronald Melzack na Patrick Wall mwaka 1965. Mtu akigonga kiwiko hukisugua bila kufikiri, na maumivu hupungua, kwa kuwa hisia ya kusuguliwa hupita kwenye neva nene na kulifinya lango ambalo ujumbe wa maumivu hulitumia kupanda kwenda ubongoni. Miaka 2 baadaye, yaani 1967, daktari wa Marekani Norman Shealy alimwekea mgonjwa kichocheo cha kwanza kwenye uti wa mgongo. Wazo la kutuliza maumivu kwa umeme ni la zamani zaidi: tabibu wa Roma Scribonius Largus, katika karne ya 1, aliwawekea wagonjwa samaki wa baharini mwenye umeme juu ya kichwa kinachouma au chini ya mguu wenye jongo. Domodomo wa ziwa letu naye hutoa umeme, ila ni hafifu kiasi kwamba mkono wa mvuvi hauuhisi.

Vichocheo vya aina ya awali hutoa mapigo kama 40 hadi 60 kwa sekunde, na mgonjwa huhisi mchonyoto laini ukifunika sehemu iliyokuwa ikiuma. Vipo pia vya mapigo 10,000 kwa sekunde, ambavyo havileti mchonyoto wowote. Katika aina zote jambo moja halibadiliki: kifaa hakiponyi chanzo cha maumivu. Kinapunguza ujumbe unaofika ubongoni, na kikizimwa maumivu hurudi.

Hatua ya kwanza: kuhakikisha kwamba maumivu ni ya aina inayofaa

Hapa ndipo pa kwenda polepole kuliko mahali pengine pote. Maumivu ya mgongo ya mtu wa kandokando ya ziwa yanaweza kuwa na chanzo kinachotibika kwa vidonge, na kupandikiza kifaa juu ya ugonjwa huo ni kumdhuru mgonjwa. Kifua kikuu hushambulia pingili za mgongo. Kichocho, ambacho kimeenea sana katika vijiji vya wavuvi, kinaweza kufika kwenye ugwe wa neva na kuleta maumivu ya kiuno pamoja na miguu kulegea. Brusela huwapata wafugaji na wanywaji wa maziwa mabichi, na saratani kadhaa husambaa hadi kwenye mifupa ya mgongo. Mgonjwa anayekonda, anayetoka jasho usiku, mwenye homa, au ambaye miguu yake inaendelea kupoteza nguvu, anahitaji uchunguzi wa haraka wa magonjwa hayo, na mazungumzo ya kichocheo yasubiri.

Baada ya hapo hutazamwa sura ya maumivu. Kichocheo hufaa zaidi maumivu yatokayo kwenye neva zenyewe: yanayowaka, yanayopita kama shoti, yanayoambatana na ganzi. Walengwa wakuu ni watu waliobaki na maumivu ya mguu baada ya upasuaji wa mgongo, wenye maumivu makali ya mkono au mguu yanayoendelea baada ya jeraha huku kiungo kikivimba na kubadilika rangi, na wagonjwa wa kisukari ambao miguu inawaka na dawa hazisaidii. Goti lililosagika, nyonga iliyochakaa na maumivu ya mwili mzima havimo katika kundi hili, na maumivu ya selimundu yana matibabu yake tofauti. Mwongozo wa taifa la Uingereza uliotolewa mwaka 2008 unataka mgonjwa awe na maumivu ya neva yanayofikia angalau 50 kwa kipimo cha 100, yaliyodumu angalau miezi 6 ingawa ametibiwa ipasavyo kwa njia za kawaida. Naona kipimo hicho ni cha haki, na mgonjwa wa Sengerema anaweza kukitumia sawasawa na wa London.

Tiba hizo za kawaida zifanyike kweli, si kwa jina tu. Amitriptilini kwa kipimo kidogo cha usiku, gabapentini au pregabalini, mazoezi yanayosimamiwa na mtaalamu wa fiziotherapia, na sukari kurudishwa katika kiwango chake kwa mwenye kisukari. Nimekutana na wagonjwa waliosema dawa zimeshindwa, kumbe walizimeza kwa siku 9 wakaziacha kwa sababu ya usingizi, ilhali dawa hizi huhitaji wiki kadhaa na kipimo kinachopandishwa taratibu.

Mgonjwa aujue pia upande wa mashaka. Mwaka 2021 utafiti wa wagonjwa 216 wa kisukari ulionyesha kwamba asilimia 79 ya waliowekewa kichocheo cha mapigo 10,000 walipata nafuu iliyolengwa katika miezi 3, dhidi ya asilimia 5 ya waliobaki na dawa peke yake. Lakini wagonjwa walijua nani amewekewa na nani hakuwekewa, na kujua huko peke yake kunaweza kumfanya mtu aseme amepata nafuu. Mwaka 2022 watafiti wa Norway waliwawekea vichocheo wagonjwa 50 wenye maumivu yaliyobaki baada ya upasuaji wa kiuno, wakawa wanakiwasha kifaa kwa vipindi fulani na kukizima kwa vingine bila mgonjwa kujua, na tofauti ya maana haikuonekana. Mwaka 2023 mapitio makubwa ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, kuhusu maumivu ya kiuno hayakupata ushahidi wa nafuu ya muda mrefu inayozidi ile ya kifaa kisichowashwa. Mimi niliyaona mabadiliko ya mdogo wangu kwa macho yangu, na bado nasema kwamba mtu anayeuza shamba kwa ajili ya kifaa hiki ana haki ya kuambiwa habari hizi kabla hajaliuza.

Hatua ya pili: daftari

Angalau mwezi mmoja kabla ya kuonana na daktari bingwa, mgonjwa aanze kuandika kila siku. Namba ya maumivu kati ya 0 na 10 iandikwe, lakini namba pekee hudanganya, kwa kuwa siku ya furaha huishusha na siku ya msiba huipandisha. Kilicho muhimu zaidi ni kazi zinazoweza kuhesabika: ametembea kutoka nyumbani hadi wapi kabla ya kulazimika kukaa, amelala saa ngapi bila kuamshwa na mguu, ameketi dakika ngapi ibadani, amemeza vidonge vingapi. Mdogo wangu aliandika kwamba anafika kwenye mti wa mwembe, kisha anarudi. Mwembe ule ulikuja kutusaidia kuliko karatasi zote za hospitali.

Hatua ya tatu: rufaa, maswali na fedha

Kwa mkazi wa Kanda ya Ziwa, njia ya kawaida huanzia zahanati au hospitali ya wilaya, hupitia hospitali ya mkoa, na kufika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando. Kutoka hapo masuala ya ubongo na mishipa ya fahamu yanaweza kupelekwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, Dar es Salaam. Asiruke ngazi hizi kwa kusikia tangazo la wakala wa matibabu ya nje, kwa sababu daktari wa rufaa ndiye atakayempokea akirudi, na asipokuwa na taarifa tangu mwanzo hatakuwa na pa kushika.

Popote atakapopewa miadi ya kupandikizwa, iwe India, Afrika Kusini au kwingineko, aombe majibu ya maandishi kwa maswali haya. Daktari amepandikiza vifaa vingapi katika mwaka uliopita? Je, kutakuwa na jaribio kabla ya kifaa cha kudumu, na bei ya jaribio inatajwa peke yake? Betri ni ya kuchajiwa au ya kubadilishwa? Kifaa kinaruhusu kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku? Nani atarekebisha programu mgonjwa akiwa Mwanza, na kwa njia gani? Swali la mwisho ndilo lenye uzito mkubwa kuliko yote. Kichocheo si skrubu ya mfupa ambayo ikishakazwa imekwisha. Katika miezi ya mwanzo hurekebishwa mara kadhaa, na mgonjwa aliye mbali na mrekebishaji anaweza kubaki na kifaa kizima kisichomsaidia chochote.

Gharama ni kubwa mno. Marekani, kifaa na upasuaji kwa pamoja hufika makumi ya maelfu ya dola, na hata pale bei inapokuwa ndogo zaidi mgonjwa anapaswa kuhesabu nauli, malazi ya watu wawili na safari ya pili ya marekebisho. Mwenye bima apeleke jina la kifaa na la upasuaji kwa maandishi, na asisafiri kwa ahadi ya mdomo.

Hatua ya nne: jaribio

Hospitali ya kwanza tuliyowasiliana nayo ilitaka tulipe kifaa cha kudumu moja kwa moja, ikisema jaribio ni kupoteza muda. Tulikataa. Ni kweli kwamba zipo hospitali za Ulaya zinazopandikiza bila jaribio, na yapo matokeo yanayoonyesha kwamba wagonjwa wao hawakuachwa nyuma sana. Lakini huko mgonjwa hurudi kliniki kwa basi la mjini, na bili hailipwi na ukoo. Kwa mtu wetu, jaribio ndilo linalomzuia asitoe fedha zote kwa kitu ambacho mwili wake haukikubali.

Mgonjwa hulala kifudifudi, hupigwa sindano ya ganzi mgongoni na kupewa dawa ya kumtuliza. Daktari hupitisha waya ndani ya sindano maalumu huku akitazama eksirei ya video. Kwa maumivu ya kiuno na mguu, ncha ya waya kwa kawaida hufikishwa usawa wa pingili ya 8 hadi ya 10 ya kifua. Katika aina yenye mchonyoto mgonjwa huulizwa anahisi wapi, na hapo aseme ukweli bila haya. Asiitikie kwa heshima kwamba ni sawa wakati mchonyoto uko tumboni na maumivu yako kwenye unyayo. Kama lugha ni tatizo, wakubaliane kabla juu ya maneno machache na ishara za mkono.

Waya hutoka nje ya ngozi na kuunganishwa na betri ndogo ya kuvaliwa kiunoni, na mgonjwa huishi hivyo kwa takriban siku 5 hadi 7. Siku hizo si za kulala kitandani. Atembee, aketi, apande ngazi, alale usiku kwa mkao wake, ila asiiname, asijipinde, wala asioge. Ajifute kwa kitambaa. Daftari liendelee kwa vipimo vilevile vya nyumbani. Sisi tulipima umbali wa mwembe kwa hatua kabla ya kuondoka, tukaupima tena kwenye barabara ya nyumba ya wageni. Siku ya 3 aliupita mara mbili, na usiku wa siku ya 4 alilala hadi asubuhi, jambo ambalo shemeji yangu, aliyekuwa akitusikiliza kwa simu kutoka Nansio, alilipokea kwa kilio.

Kipimo kinachotumiwa na wengi ni maumivu kupungua kwa angalau asilimia 50, pamoja na kazi kuongezeka au dawa kupungua. Chini ya hapo, waya utolewe na watu warudi nyumbani. Ndugu wasimshawishi mgonjwa aseme amepata nafuu kwa sababu tu nauli imeshatumika.

Hatua ya tano: upasuaji na wiki 8 za mwanzo

Wiki kadhaa kabla ya upasuaji, sukari idhibitiwe, sigara iachwe, na kidonda chochote cha ngozi au jino bovu litibiwe. Anayemeza warfarini, aspirini au dawa nyingine za kuzuia damu kuganda amwambie daktari mapema. Dawa hizo husimamishwa kwa maelekezo ya daktari pekee, kwa kuwa damu ikivuja ndani ya mfereji wa uti wa mgongo inaweza kupoozesha miguu.

Baada ya kurudi, adui mkubwa ni kuinama. Waya hushikwa na kovu linalojijenga polepole kwa wiki 6 hadi 8, na kabla ya hapo unaweza kuteleza sentimita chache tu na nafuu yote ikapotea. Maelekezo ya hospitali husema mgonjwa asiiname, asijipinde, asinyanyue mikono juu ya kichwa na asibebe zaidi ya kilo 2 au 3. Kwa maisha ya huku, maneno hayo yana maana hii: hakuna ndoo ya maji kichwani, hakuna jembe, hakuna kuanika wala kukusanya dagaa mchangani, hakuna kuvuta wavu, hakuna kupanda bodaboda kwenye njia ya makorongo. Choo cha kuchuchumaa hukunja mgongo kuliko kazi nyingi za shambani, kwa hiyo kitengenezwe kiti chenye tundu kabla mgonjwa hajafika. Mkeka wa kulalia uinuliwe kwenye kitanda. Tendo la ndoa lisubiri ruhusa ya daktari, na mume na mke waelezwe pamoja.

Kidonda kisilowe hadi kipone, na ziwani asiingie kabisa katika kipindi hicho. Muuguzi wa zahanati ya karibu aonyeshwe mahali pa kikasha, asije akachoma sindano hapo.

Dalili zifuatazo hazingoji kivuko cha kesho: miguu kulegea ghafla, kushindwa kukojoa au kujisaidia bila kujua, maumivu mapya makali ya mgongo, homa, usaha au wekundu unaopanuka. Mgonjwa afike hospitali kubwa siku hiyohiyo na aseme kwanza kwamba ana kifaa ndani ya uti wa mgongo. Maambukizi yakifika kwenye kifaa, mara nyingi dawa peke yake haitoshi na kifaa hulazimika kutolewa. Kichwa kinachouma sana mtu akiketi na kutulia akilala kinaweza kuashiria kwamba maji ya uti wa mgongo yanavuja. Hili nalo lipelekwe kwa daktari.

Hatua ya sita: kuishi nacho

Betri ya kuchajiwa hudumu miaka 9 au zaidi, na isiyochajiwa hudumu miaka michache tu kutegemea nguvu inayotumika kabla ya kubadilishwa kwa upasuaji mdogo. Kwa anayeishi mbali, nashauri ya kuchajiwa, mradi awe na umeme wa uhakika kiasi. Chaja ijazwe kila umeme unapokuwepo, siyo pale inapokwisha, na visiwani paneli ya sola iwe na uwezo unaotajwa kwenye kitabu cha kifaa. Betri ikiachwa ikauka kabisa kwa muda mrefu inaweza kushindwa kuamka bila mtaalamu.

Katika vichocheo vyenye mchonyoto, mgonjwa akilala chali ugwe husogea karibu na waya na mchonyoto huongezeka, hivyo apunguze nguvu kabla ya kulala. Vichocheo hivyo vizimwe mtu anapoendesha gari, pikipiki au boti ya injini.

Mashine ya dayathemi, ile ya kupasha joto ndani ya mwili inayotumika katika vyumba vya fiziotherapia, ni marufuku kabisa, kifaa kiwe kimewashwa au kimezimwa, kwa kuwa joto hupitia kwenye waya na kuunguza neva. MRI hufanywa tu kama modeli inaruhusu na baada ya kuwekwa katika hali maalumu. Daktari wa upasuaji wowote aambiwe kabla hajatumia kisu cha umeme. Uwanja wa ndege mgonjwa aonyeshe kadi ya kifaa na aombe kupekuliwa kwa mkono. Mzamiaji asizame kabla ya kusoma kina kinachoruhusiwa katika kitabu chake, na mwanamke anayetarajia kubeba mimba azungumze na daktari wake kwanza.

Nyumbani kwetu lipo pia jambo ambalo vitabu vya watengenezaji havilitaji. Mgonjwa wa mgongo hupelekewa wachuaji, wapiga chuku na wachanja chale kwa nia njema kabisa. Juu ya kikasha na juu ya njia ya waya pasichuliwe, pasikandwe kwa maji ya moto, pasichanjwe. Nilimweleza mama yetu jambo hili kwa kumwekea mkono wake juu ya kikasha, akaelewa mara moja, na tangu siku hiyo yeye ndiye mlinzi wake.

Nafuu ikipungua

Kwa wagonjwa wengi nafuu hushuka kadiri miaka inavyopita. Katika utafiti mmoja maarufu wa Uholanzi, uliowafuata wagonjwa wa maumivu ya kiungo baada ya jeraha, tofauti iliyoonekana mwanzoni ilikuwa imefifia ilipofika miaka 5. Lakini kushuka polepole na kupotea ghafla ni mambo mawili. Kinachoshuka polepole mara nyingi hurekebishwa kwa programu mpya. Kinachopotea ghafla, hasa baada ya kuanguka au kunyanyua mzigo, kinaashiria waya umeteleza au umekatika.

Katika hali hiyo aangalie kwanza kama betri ina chaji na kama kifaa kimewashwa. Kisha apigwe eksirei ya mgongo kwa mbele na kwa ubavu, ambayo hospitali ya mkoa inaweza kuifanya, na picha hiyo ilinganishwe na ile iliyopigwa mara tu baada ya upasuaji. Kwa sababu hiyo picha ya kwanza, pamoja na kadi ya kifaa na karatasi ya mipangilio yake, ikae kwenye simu ya mgonjwa na kwenye simu ya ndugu wawili wanaoishi nyumba tofauti. Ya kwetu ilitumwa kwa daktari wa India siku mdogo wangu alipoteleza kwenye mawe ya Rugezi, naye ndani ya saa chache akatuambia waya haujasogea, akampa mpangilio mwingine wa kuuchagua kwenye rimoti.